Betri zimekufa katikati ya bahari, injini ya dizeli ya boti la tanga inawashwaje kwa mkono?

mwana_wa_raskazone

Wakuu salaam. Nina boti la tanga la faiba futi 28, ndani lina Yanmar 2GM20 ile ya silinda 2, natembelea nalo hapa Tanga na mara mojamoja tunavuka hadi Pemba. Jumapili tulikuwa tunarudi kutoka Mkoani, Pemba, tumeshaona nchi kavu, upepo ukakata ghafla na maji yalikuwa yanakupwa, mkondo ukaanza kutusogeza kwenye mwamba. Nikaenda kuwasha injini, tik, kimya. Betri zote mbili zimekwisha kwa sababu kafriji na taa vilikuwa vinakula tangu usiku.

Hendeli ya kuzungushia injini ninayo, ilikuja na boti, nikaichomeka nikazungusha mpaka mabega yakawaka moto lakini inaenda robo mzunguko halafu inakwama kama imegonga ukuta. Tukashusha nanga kwenye mita 8 tukalala hapohapo na watoto, asubuhi upepo ukarudi tukaingia kwa tanga.

Naomba mnaojua mniambie, kweli hii inawashika kwa mkono? Jirani ananiambia nifunge kamba kwenye puli ya injini nivute, mwingine anasema tukitembea kwa tanga niweke gia propela iizungushe injini. Mke wangu kasema hapandi tena mpaka nipate jibu na namuelewa kabisa.

fundi_wa_malindi

Pole sana ndugu yangu, na umefanya la maana kushusha nanga mapema kabla hujaanza kuhangaika na mashine, wengi wanafanya kinyume.

Inawashika. Dizeli haina habari na cheche, pistoni ikiiminya hewa mara ishirini na kitu inapata moto wenyewe wa kuyawasha mafuta ya nozeli, na hizo GM hazina hata plagi za kupasha moto, kwa hiyo umeme kazi yake ni kuzungusha stata basi. Sasa stata inaushinda ule mkandamizo kwa nguvu, wewe huwezi, ndio huo ukuta ulioukuta. Angalia juu kwenye kava la valvu utaona vishikizo vidogo, kila silinda na chake, sisi tunaita dikompresa. Ukikinyanyua kinaishikilia valvu ya ekzosi wazi, hewa inatoka, injini inakuwa laini unaizungusha kama baiskeli.

Fanya hivi, gia nyutro, wenzo wa mafuta weka juu kabisa, waya wa kuzimia hakikisha umerudi ndani, nyanyua vishikizo vyote, zungusha polepole mara kumi hivi oili ipande kwanza. Halafu ongeza kasi mpaka ufike pale ambapo huwezi kuongeza tena, hapo mtu wa pili (lazima muwe wawili usidanganyike) ashushe kishikizo cha silinda MOJA huku wewe huachi kuzungusha. Kitakachoipitisha pistoni juu ni flaiwili, lile gurudumu zito la injini, siyo msuli wako, ndio maana kasi ni kila kitu. Ikishika hiyo moja itatembea inasuasua, hapo shusha ya pili.

Ujue tu hiyo GM hendeli yake inaingia kwenye kemshafti (shafti ya kufungua valvu) siyo kranki (shafti inayosukumwa na pistoni), ukizungusha mkono mara 1 kranki imeenda mara 2, kwa hiyo nzito. Ikikataa na ringi za pistoni zimechoka, tia kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye njia ya hewa ya kila silinda, inaziba ringi kidogo mkandamizo unapanda. Kijiko kimoja tu! Na zile spreya za kuwashia usiziguse, zinalipuka kabla ya wakati wake zinavunja ringi.

baharia_amu

Fundi kasema kweli lakini kuna jambo kaliruka na ndilo lililonivunja mkono mimi mwaka 2009 kwenye jahazi la mjomba lenye mashine ya silinda moja. KIDOLE GUMBA. Usikizungushie mpini, kiweke upande mmoja na vidole vingine, mashine ikipiga kinyume mpini unatoka mkononi wenyewe, ukiwa umeukumbatia unaondoka na kiganja. Na nguvu yako iwe ya kuvuta mpini juu, usiusukume chini na uzito wa mwili. Nilikaa miezi miwili sivuti hata henza, kamba ya kupandishia tanga.

Pia lile jino la hendeli lisafishe utie grisi, mashine ikiwaka hendeli inatakiwa ijiachie. Ikibaki imeng'ang'ania inazunguka nayo usithubutu kuikamata, kaa mbali, vuta waya wa kuzimia, anza upya.

La propela sahau bwana. Boti dogo hata likienda kasi ya noti 6 (maili 6 za baharini kwa saa) ile shafti inazunguka vizuri ukiwa nyutro tu, ukitia gia inasimama tuli, haina nguvu ya kuushinda mkandamizo. Kamba inafanya kazi, nimeona kwa macho yangu, unaizungusha kwenye puli mara tatu nne kufuata upande injini inakozungukia, mwisho wake wa kwenye puli USIUFUNGE fundo popote, uwe huru uchomoke. Wanaosafiri peke yao huipitisha kwenye kapi wakaifunga kwenye mti wa chini wa tanga, wakaachia demani (kamba inayoshikilia tanga), upepo ukibeba tanga ule mti ndio unaovuta. Lakini shehe wangu wewe shida yako ilikuwa hakuna upepo, kwa hiyo rudi kwenye hendeli.

kilifi_creek

Jamani mbona hakuna aliyesema maji?? Kabla hamjazungusha hata mara moja FUNGA koki ya maji ya bahari, yale ya kupoza injini. Pampu inavuta maji kila unapozungusha na moshi wa kuyatoa nje haupo, yanajaa kwenye lile bokosi la ekzosi yakizidi yanarudi mpaka kwenye silinda. Mimi nilizungusha na stata koki ikiwa wazi, nikang'ang'ana dakika kadhaa, konekting rodi ikapinda na injini nikaifungua yote. Ikiwaka tu fungua koki papohapo maana impela ya hiyo pampu ni ya mpira haivumilii kukauka. Mimi nikifunga koki ufunguo wa injini nautundika kwenye mpini wa koki ili nisisahau.

mwana_wa_raskazone

Wakuu nimerudi. Jumamosi tulijaribu tukiwa tumefunga gatini, betri nimezizima kwa swichi. Kwanza hendeli haikumaliza mzunguko kwa sababu inagonga ngazi ya kushukia ndani, nikaing'oa ngazi. Koki nikafunga. Mara ya kwanza na ya pili hakuna hata moshi, nikajua mafuta hayafiki, nikalegeza skrubu ya juu ya filta nikapampu kwa kile kidude cha lifti pampu, ikatoka povu jingi halafu dizeli safi, nikakaza, nikalegeza na nati za nozeli mwanangu akazungusha mpaka zikatema, nikakaza. Jaribio la nne mke wangu ndiye alikuwa kwenye vishikizo, nikasema shusha, puf... puf puf puf, ikashika! Akashusha cha pili ikanguruma, koki nikafungua. Wallahi nilitaka kulia.

Swali moja limebaki, kama betri zimekufa kabisa alteneta itazichaji?

fundi_wa_malindi

Mashallah, na hiyo hewa kwenye filta tafuta inakoingilia, angalia washa (zile pete za kuzibia) na mipira, haiji bure.

Alteneta inahitaji kaumeme kidogo ka kuanzia, betri ikiwa imekufa kabisa inaweza isianze kuchaji hata injini ikinguruma saa nzima. Ikiwa hivyo iache, fika nyumbani, uichaji nchi kavu. Usije ukachomoa waya wa betri injini ikiwa inatembea, dayodi zinaungua hapohapo. Na hizo betri mbili zitenganishe kwa swichi, moja iwe ya stata peke yake, friji isiiguse. Pima na mita usiku kabla ya kulala, volti 12.7 imejaa, ukiona 12.0 zima friji. Ngazi nayo itengenezee bawaba, gizani hutapata muda wa kutafuta spana.