Tupeane uzoefu: kubadilisha pampu ya kuzungusha maji kwenye boila ya nyumbani

Kipanga: Wakuu, pampu ya jirani imeanza kukwaruza usiku, sauti ileile tuliyoisikia kabla yetu haijafa. Boila inawaka, mara inazima, bomba la kutokea linaunguza mkono na redieta zote (vile vyuma vya ukutani vya kupasha nyumba joto) ni baridi. Mliowahi kubadilisha, leteni uzoefu, hasa zile koki mbili za kufungia maji pande mbili za pampu.

MamaTatu: Hapo kwenye koki ndipo penyewe.

Fundi Mstaafu: Kabla hajanunua mpya, azime umeme, aache ipoe, afungue ile skrubu kubwa ya katikati aujaribu mhimili kwa bisibisi. Pampu iliyokaa msimu mzima wa joto bila kazi mara nyingine imenata tu. Ikiwa mhimili unazunguka vizuri kwa mkono lakini ukiwasha inanguruma bila kuzunguka, shuku kapasita, kile kifaa kidogo cha umeme kinachoisaidia mota kuanza.

Zuhura_K: Ngojeni niseme ya koki. Tulimwita fundi, akatuambia kazi ndogo. Kafunga koki zote mbili, kalegeza nati ya juu, yakatoka matone. Akasema ni mabaki ya kwenye bomba. Kalegeza tena, pampu ikachomoka na maji yakafuata, meusi kama wino, yananuka chuma, na bado ya moto! Kumbe koki ya juu ilikuwa inazunguka bure, kilango cha ndani kilishakatika zamani. Mume wangu kaziba tundu kwa taulo, fundi anahangaika kutafuta koki ya kumwagia maji, mimi niko chini na ndoo, mtoto analia kwenye ngazi. Maji ya redieta za ghorofani yote yanashukia palepale. Zulia halikupona, na ule weusi mpaka leo uko kwenye maungio ya vigae. Jamani, matone yasipokoma, kaza nati upesi!

MamaTatu: Pole sana dada. Mtoto hakuungua?

Zuhura_K: Hakuungua, alhamdulillahi.

Nahodha77: Ndiyo maana nasema mwaga maji ya mfumo mzima. Hakuna mjadala.

Fundi Mstaafu: Upo, mkuu. Koki zikiwa nzima zinatosha. Ukimwaga yote unaingiza maji mapya yenye oksijeni, kutu inaanza upya, na dawa ya kuzuia kutu nayo imekwenda.

Nahodha77: Dawa inanunuliwa. Zulia la dada je?

Kipanga: Msigombane wakuu. Vipimo vya pampu mpya?

Fundi Mstaafu: Pima toka uso wa muungano mmoja hadi wa pili, nyingi ni 130 au 180 mm. Mshale ulioko kwenye pampu ufuate njia ya maji. Mhimili ulale, usisimame, kwa sababu beringi zinalainishwa na maji yenyewe. Zile pete za mpira za kuzuia kuvuja (washa) ziwe mpya.

Bwana Ndoo: Na asiiwashe kavu! Ajaze mpaka geji ya presha isome bar 1 hadi 1.5 maji yakiwa baridi, atoe hewa redieta za chini kwanza, ajaze tena. Mfumo unaojazwa na tangi la darini hauna habari ya geji.

Nahodha77: Mimi huanza za juu, na zinapata moto vizuri tu.

Bwana Ndoo: Hewa inapanda, ndugu yangu. Utairudia kazi.

Fundi Mstaafu: Kipanga, kama pampu iko ndani ya kasha la boila ya gesi, jirani asiguse kile kifuniko chenye mpira wa kuziba. Hapo aite fundi wa gesi mwenye leseni.