Saa ya kuzamia isiyotumia betri: mpya ya bei nafuu au ya kifahari iliyotumika?

Mzingo165

Wakuu, natafuta saa ya mkono ya kimakanika ya kuogelea nayo kweli, si ya picha. Mzingo wa mkono wangu ni sentimita 16.5. Nimebaki na tatu: Orient Kamasu mpya, Seiko 5 Sports mpya yenye mashine ya 4R36, na Tudor Black Bay 58 iliyotumika. Muuzaji wa hiyo ya mwisho anasema "imefanyiwa sevisi" ila karatasi hana, na bei yake inazidi hizo nyingine mara kumi na kitu.

Maswali mawili. Pesa hiyo ya ziada inakwenda wapi hasa? Na saa ikiwa mkononi, naikaguaje kabla sijalipa? Kipimo cha kusikiliza mlio wa saa naweza kuazima.

---

KibanoBapa

Tuanze na maji, maana maji yanaondoa moja mezani hapo hapo.

Seiko 5 Sports za kuanzia 2019 zimerithi sura ya SKX007, saa ya kuzamia ya zamani ya Seiko, lakini kazi yake hazikuirithi. SKX ilikuwa ya mita 200 na krauni yake (kitufe cha ubavuni cha kutilia ufunguo na kurekebisha saa) ilifungwa kwa skrubu. Hizi ni za mita 100 na krauni inavutwa tu na kusukumwa. Kuogelea kwa kawaida zinamudu. Kwa mtu wa kupiga mbizi kila wiki nisingeichagua, kwa sababu kitu pekee kinachozuia maji pale kwenye krauni ni gasketi, yaani pete ya mpira, na krauni ikinasa kwenye nguo ikachomoka kidogo hutajua.

Kamasu na Black Bay 58 zote ni mita 200, krauni za skrubu, vioo vya safaya. Kwa hiyo kwa maji peke yake, hiyo mara kumi hainunui chochote. Angalia pia kama saa imeandikwa DIVER'S. Neno hilo ndilo linalodai kiwango cha ISO 6425, ambacho kinataka kila saa moja ipimwe, tena kwa presha ya robo zaidi ya kina kilichoandikwa. Saa iliyoandikwa "water resistant" tu iko chini ya kiwango kingine, ISO 22810, kinachoruhusu kupima sampuli.

Sasa, mita 200 ni ahadi ya gasketi mpya. Ile Tudor imefunguliwa na nani? Gasketi ya mfuniko wa nyuma ilibadilishwa au ilirudishwa ile ile iliyokwisha bapa? Mfuniko ukikazwa huku gasketi imekunjika sehemu moja, utaona saa imefungwa vizuri kabisa kwa macho na itanywa maji siku ya kwanza. Dai kipimo cha presha ya hewa kwa fundi, mbele yako. Mashine hiyo hainyweshi saa maji: inapandisha presha na kuangalia kama kasha linabonyea na kubaki hivyo. Likirudi polepole, hewa inaingia.

Kama saa imewahi kunywa maji, kuna jaribio la ukungu. Ipashe moto hadi nyuzi 40 au 45, tonesha tone la maji ya kawaida katikati ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukibaki upande wa ndani chini ya pale palipokuwa na tone, kuna unyevu ndani, na unyevu maana yake kutu kwenye skrubu na mishale. Usinunue hata kwa punguzo.

---

TikNaTak

Mimi nijibu swali la pesa, kwa sababu kipimo chako kitakuonyesha sehemu kubwa ya jibu.

Mashine ya 4R36 inapiga mara 21,600 kwa saa, inatunza nguvu kama saa 41, na kiwanda kinakuahidi kati ya kukimbia sekunde 45 na kuchelewa sekunde 35 kwa siku. Ni ahadi pana mno; nyingi hufanya vizuri zaidi, ila ukipata inayokimbia sekunde 30 huna pa kulalamika. Mashine ya MT5402 ndani ya Black Bay 58 inapiga 28,800, inatunza saa 70, na imepita COSC, kipimo rasmi cha Uswisi cha usahihi wa saa: siku 15, mikao mitano, joto la aina tatu, wastani usizidi kuchelewa sekunde 4 au kukimbia sekunde 6 kwa siku. Saa 70 maana yake unaivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi bado inatembea.

Tofauti nyingine imejificha kwenye gurudumu la mizani, lile linalobembea huku na huku kuhesabu muda. Katika 4R36 springi nyembamba inabanwa na kijiti cha kusogeza, nacho ukikigusa kidogo tu, saa inaruka sekunde nyingi. MT5402 haina kijiti. Mwendo hurekebishwa kwa skrubu ndogo za uzito kwenye gurudumu lenyewe, na daraja linaloishika limefungwa pande zote mbili, kwa hiyo mtikiso hauondoi marekebisho kirahisi. Springi yake ni ya silikoni, sumaku haiishiki. Yaliyobaki unalipia umaliziaji wa kasha, mkanda na jina. Jina nalo lina thamani siku ya kuuza, tusidanganyane.

Jinsi ya kupima: tia ufunguo mizunguko 40 hivi, iache dakika 20, kisha pima uso juu, uso chini, na krauni chini, kila mkao dakika moja. Ingiza kwanza pembe ya kuinua ya mashine husika, yaani nyuzi ambazo gurudumu la mizani hugeuka katika kila msukumo. Kwa 4R36 ni nyuzi 53. Ukiiacha ile ya kipimo chenyewe, kasi utaisoma sawa lakini amplitudo, yaani upana wa bembea ya gurudumu kwa nyuzi, itakuwa uongo.

Amplitudo ikiwa 270 hadi 310 saa imelala, mashine ina afya. Za Seiko za bei nafuu husoma chini kidogo, 240 si ugonjwa. Ikiwa chini ya 220 huku imejaa ufunguo, mafuta yamekauka au ni machafu, na yule muuzaji wa "imefanyiwa sevisi" ana la kueleza. Kosa la mpigo, yaani tofauti kati ya tik na tak, liwe chini ya milisekunde 0.8.

Saa yenye springi ya chuma ikikimbia dakika kadhaa kwa siku ghafla, usiifungue. Isogeze karibu na dira. Sindano ikicheza, imeshikwa na sumaku: koili za springi zinagusana, springi inakuwa fupi, saa inakimbia. Kifaa cha kuondoa sumaku kinamaliza kazi kwa sekunde kumi. Bonyeza swichi, kisha iondoe saa polepole mpaka urefu wa mkono *ndipo* uachie. Ukiachia ikiwa bado karibu, umeirudishia sumaku.

---

MasikioMarefu

Watu wanatazama kipenyo cha kasha na kusahau masikio, zile ncha nne zinazoshika mkanda. Kamasu ina milimita 41.8 na Black Bay 58 ina 39, ila kutoka ncha ya sikio hadi ncha ya sikio zote ziko kama milimita 47 hadi 48. Kwa mkono wa 16.5, pale juu palipo bapa huwa kama milimita 50 hadi 55, kwa hiyo zote zinakaa. Pima wewe kwa rula. Unene ndio unaotofautisha: Tudor ni 11.9, inaingia chini ya mkono wa shati.

Ukaguzi wa iliyotumika. Ishike chini ya taa moja, izungushe polepole. Black Bay 58 ina ukingo mwembamba uliokatwa mshazari kando ya masikio. Linganisha masikio yote manne: ukingo ukiwa mpana kwenye moja na umefifia kwenye jingine, imesuguliwa ili ionekane mpya, na chuma kilichosuguliwa hakirudi. Tazama meno ya mfuniko wa nyuma. Mikwaruzo pale inaonyesha ilifunguliwa kwa kifaa kisichofaa. Namba ya kasha ilingane na ya kadi ya dhamana, kama ipo. Mulika uso wa saa kwa tochi sekunde kumi kisha zima taa: alama na mishale ving'ae kwa rangi na nguvu moja. Mshale mmoja ukizimika mapema, huenda umebadilishwa.

Kwenye mpya, shida ya kawaida ni bezeli, ile pete inayozungushwa kuzunguka kioo. Pembetatu yake ikae sawasawa juu ya 12. Ikikosea nusu ya mlio, rudisha, chukua nyingine, kabla plastiki haijatoka. Hakuna haja ya aibu.

Kamasu na Seiko zina siku na tarehe, Tudor haina. Usibadilishe tarehe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, yaani mshale mfupi ukiwa kati ya 9 na 4 kupitia juu. Meno ya kubadilisha yameshikana wakati huo na ni membamba. Sogeza mishale hadi 6 kwanza.

Maoni yangu: bila karatasi na bila kipimo cha presha, hiyo Tudor mwache nayo. Sevisi kamili ya saa ya kifahari inaweza kula bei ya Kamasu nzima.

---

Mzingo165

Asanteni. Kamasu nimeipima: uso juu +12, uso chini +9, krauni chini −5 (sekunde kwa siku), bezeli iko sawa. Kuna kasoro hapo? Na krauni inasita mzunguko wa kwanza wa skrubu.

---

TikNaTak

Hakuna kasoro. Itumie hiyo tofauti: usiku ilaze kwa ubavu, krauni chini, itapunguza ilichokimbia mchana.

---

KibanoBapa

Krauni: isukume kidogo tu, izungushe *kinyume* kwanza mpaka usikie imedondoka kidogo, ndipo uanze kufunga. Huko kudondoka ni mwanzo wa uzi wa krauni kukutana na mwanzo wa uzi wa bomba. Ikigoma kabla ya robo mzunguko, fungua uanze upya, usilazimishe, uzi utalika. Sugua nyuzi kwa mswaki laini mkavu, vumbi la kiwandani hukaa humo. Usiifungue majini, na ukitoka kwenye maji ya chumvi isuuze kwa maji yasiyo na chumvi ikiwa imefungwa. Kama bado inasita baada ya kuisafisha, irudishe ingali na dhamana, kabla hujaigusa kwa koleo.