Nguvu za shujaa zinatoka wapi? Natafuta tamthilia inayojali swali hili

FundiWaya_Walukuba

Habari za jioni, wakuu. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Walukuba, Jinja, Uganda. Filamu za kisayansi na tamthilia za mashujaa ndiyo starehe yangu kubwa, na wanaonijua wanajua sitazami kimya kimya. Nina swali, ila mnivumilie kwanza nieleze linakotoka.

Gari likiletwa kwangu halina moto, sikimbilii kufungua. Nauliza moto unatoka wapi, unapita wapi, unaishia wapi. Betri, alteneta, fyuzi, waya wa bodi. Nikishaijua njia, ubovu unajitokeza wenyewe. Mashujaa nao nawatazama kwa jicho hilo hilo. Mtu akirusha radi kwa mikono, nataka kujua radi ameitoa wapi na imemgharimu nini. Hadithi ikinijibu nakesha nayo. Isiponijibu, hata waangushe maghorofa mangapi, mimi nimeshachoka.

Chukueni Iron Man ya 2008. Tony Stark ametekwa, yuko pangoni, anaunda mtambo mdogo wa kuweka kifuani, na mwenyewe anasema utatoa gigajuli 3 kwa sekunde. Hizo ni megawati 3,000. Bwawa letu la Karuma, lililozinduliwa 2024, mashine zake zote sita zikizunguka ni megawati 600. Karuma tano kifuani mwa mtu mmoja! Joto lake linatokea wapi? Angeiva pale pale. Lakini naisamehe, kwa sababu ya kile kilichofuata. Katika ile ya pili, ya 2010, paladiamu iliyo ndani ya mtambo inamtia sumu kwenye damu, na kadiri anavyoitumia suti yake ya chuma inayoendeshwa na mtambo huo ndivyo anavyokisogelea kifo. Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. Nguvu ina bili, na bili imemfikia mwenyewe.

Au Back to the Future ya 1985. Gari la kusafiri katika wakati linataka gigawati 1.21, yaani Karuma mbili na chenji. Plutoniamu ikikosekana, hakuna safari. Inabidi wangoje radi ipige saa ya mji saa nne na dakika nne usiku, na waya uwe umeshafungwa. Filamu nzima imeshikiliwa na swali la umeme utatoka wapi. Naipenda mno filamu hii, na sitaki kusikia mtu akiiita ya watoto.

The Matrix ya 1999 sasa. Mapigano sina neno nayo, lakini moyo wangu haujawahi kukubali habari ya binadamu kufanywa betri na mashine. Mwili wa mtu aliyetulia unatoa joto la wati 100 hivi, na wati hizo zinatoka kwenye chakula. Lazima umlishe zaidi ya unachovuna. Mashine zenye akili kiasi kile zingekichoma chakula chenyewe zikapata faida kubwa zaidi.

Upande wa tamthilia ndiko kwenye kidonda changu. The Flash ilianza 2014, na mapema kabisa katika msimu wa kwanza Barry Allen, shujaa mwenye mbio za ajabu, anazirai. Kwa nini? Mbio zimemmaliza sukari mwilini, chakula cha kawaida hakimtoshi tena, inabidi rafiki zake wamtengenezee chakula maalumu. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Nikasema hawa wana hesabu! Lakini tamthilia ikaenda misimu tisa, hadi 2023, na habari ya njaa ikafifia. Msimu wa kwanza adui mkuu ni mtu wa mbio. Wa pili, mtu wa mbio. Wa tatu, mbio tena. Na karibu kila jambo likikwama, jibu ni Barry akimbie zaidi. Sasa hizo mbio za ziada anazilipia na nini?

Luke Cage ya 2016 ilinifanyia haki. Jamaa anafagia kinyozi cha mzee Pop kule Harlem, anaosha vyombo klabuni, na ngozi yake haitobolewi na risasi. Halafu anapigwa risasi ya aina nyingine, inaingia, na sasa daktari hawezi kumpasua amtibu kwa sababu kisu hakipiti. Kinachomlinda ndicho kinachotaka kumwua. Mwandishi wa hapo alikaa chini akafikiri.

Basi swali langu: ni tamthilia ipi, ya shujaa au ya sayansi, inayoishika hesabu hii tangu mwanzo hadi mwisho? Za Kiafrika zitangulie, tafadhali.

Mwalimu_Arua

Kaka Fundi, salamu kutoka Arua. Nimekusoma kwa raha, lakini nitakupinga kidogo.

Wewe bili unaitafuta mwilini tu. Sumu kwenye damu, sukari imeisha, kisu hakipiti. Mimi ni mama na ni mwalimu, na bili ninayoiona mara nyingi hulipwa na watu wengine wa nyumba ile. Itafute Black Lightning, misimu minne, 2018 hadi 2021. Jefferson Pierce ni mkuu wa shule. Ana umeme mwilini, kwa hiyo wewe utaanza na wati zako, lakini hadithi haianzii hapo. Inaanza na mtu ambaye suti ameiweka kando miaka tisa kwa sababu ndoa ilivunjika. Mkewe Lynn alichoka kumpokea usiku akiwa damu tupu. Halafu mabinti zake wawili nao wanaanza kuonyesha nguvu. Baba aliyelipa kwa ndoa anawatazama wanawe wakipanga foleni ile ile. Mimi hapo nililia, na sikuuliza hata mara moja umeme unatoka wapi.

Na zipo filamu za sayansi zisizo na nguvu yoyote ya kupima. Arrival ya 2016: wageni wametua na vyombo vyao kumi na viwili duniani kote, na kazi iliyopo ni mwanamke mmoja kujifunza kuandika kama wao. Hakuna mtambo wa kifuani. Gharama ni kwamba lugha ile inamfanya ajue mapema msiba utakaompata, naye anaupokea. Hiyo utaipima kwa mita gani?

MtotoWaKilembe

Mwalimu, Fundi, nawasalimu wote kutoka Kasese. Mnabishana kuhusu nani analipa. Mimi nauliza nani ana funguo.

Nimekulia Kilembe. Wazee wetu walichimba shaba, reli ikafika Kasese 1956, na shaba ikapanda treni hadi kiwanda cha kuyeyushia huko huko kwako Jinja, Fundi, kwenye umeme wa bwawa la Owen Falls ambalo leo tunaliita Nalubaale. Madini yetu, moto wenu. Sasa mtu aliyekulia mahali kama hapa akitazama Black Panther ya 2018, hatazami suti. Anatazama mgodi. Kimondo kimeanguka, vibraniamu, ile metali ya kubuni, iko ardhini, na wenye ardhi ndio wanaoamua itoke au isitoke. Suti nayo ina hesabu unayoipenda: inameza nguvu ya kila pigo na kuirudisha. Lakini mimi kilichonisimamisha ni lile lango kubaki mikononi mwa wenyewe. Na baadhi ya picha za nchi ya Wakanda kutoka angani zilipigwa hapa hapa Uganda.

Kwa tamthilia, tazama The Falcon and the Winter Soldier ya 2021. Anaingia Ayo, mlinzi wa Wakanda, anayeigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Bucky, ndiye Winter Soldier mwenyewe, ana mkono wa chuma aliopewa Wakanda, na anadhani ni wake. Anapoingilia vita ambayo si yake, Ayo anaugusa mahali pachache tu, mkono unachomoka na kuanguka chini. Sura ya Bucky pale! Hakuwahi kujua kwamba waliouunda waliacha swichi. Tukio fupi sana, lakini kwangu lina uzito kuliko vita yote ya mwisho ya tamthilia ile, ambayo ni hotuba na vumbi.

Kijana_Bombo

Shikamooni wakubwa. Fundi umesema za Kiafrika zitangulie, na bado hakuna aliyetanguliza!

Herderboy. Ni filamu fupi ya katuni ndani ya mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotoka Julai 2023, filamu kumi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Hii ni ya Raymond Malinga, Mganda, wa studio ya Creatures ya Kampala, ile iliyotengeneza pia A Kalabanda Ate My Homework. (Kalabanda ni yule pepo wa hadithi za mabweni; kama ulisoma bweni, sina haja ya kukueleza zaidi.) Mambo yapo katika ufalme wa Wachwezi, wale watawala wa masimulizi yetu ya kale, ila wa wakati ujao. Wachungaji wameunganishwa na vyuma mwilini, wanalinda ng'ombe dhidi ya mapepo makali, na ng'ombe hao wanatoa urani. Umesikia, mzee wangu? Urani! Chanzo cha nguvu kina miguu minne, kinakula majani, na mtu lazima akichunge. Mvulana anaitwa Ndahura, kama mfalme yule wa kale, na anataka kuthibitisha kwamba naye ni mchungaji.

Ya pili ni Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, 2009, dakika kama ishirini hivi. Maji yamekwisha juu ya ardhi, watu wanaishi ndani, na umeme wanauzalisha kwa miili yao kwenye mashine za mazoezi. Jasho na mkojo vinachujwa na kunywewa tena. Hakuna tone linalopotea bila kuandikwa. Asha, mhusika mkuu, anapopata mbegu na kutoka nayo nje, maji anayoinyweshea anayatoa mwilini mwake. Mwalimu, hii itawapatanisha wewe na Fundi.

Na kwa wadogo zangu naweka Supa Team 4 ya 2023, wasichana wanne wa Lusaka. Wanaitazama, kisha wanagombania nani awe nani.

Jambo moja la mwisho. Mimi nimelelewa na kibanda cha video, na nasema VJ, yule anayetutafsiria filamu kwa sauti inapoonyeshwa, anastahili heshima kwenye mjadala huu. Tangu enzi za VJ Jingo, filamu ikiacha pengo, VJ analiziba. Shujaa akipata nguvu bila maelezo, VJ atakwambia zilikotoka, na atakwambia kwa namna ambayo bibi aliyekaa benchi la nyuma anaelewa na kuuliza swali. Nimeona watu wakikataa kuondoka mpaka VJ ajibu.

FundiWaya_Walukuba

Nimerudi, na nimeshaitazama Herderboy. Kijana, Mungu akuzidishie.

Nilipoona tu ng'ombe wale nikachukua kalamu. Kilo moja ya urani 235, ile aina inayopasuka kirahisi, ikipasuliwa yote hutoa joto la kilowati-saa milioni 24 hivi. Karuma ikizunguka kwa nguvu zote itahitaji saa 40 kufikisha kiasi hicho. Kwa hiyo mchungaji mwenye zizi zima ana utajiri wa kutisha, na kila anayeutaka atakuja usiku. Hadithi haikuhitaji kunielezea kwa nini mapepo yanawaandama ng'ombe. Nimeona mzigo, nimeelewa vita.

Lakini sasa nina njaa kubwa zaidi. Urani inayotoka ardhini ina chini ya asilimia moja ya hiyo 235. Iliyobaki karibu yote ni 238, ambayo kwa mtambo wa kawaida haikusaidii sana. Lazima kuwe na mahali inaposafishwa. Je, ng'ombe wa Wachwezi wanatoa iliyo tayari, au kuna kiwanda nyuma ya mlima? Nani anafanya kazi humo, na miale inawafanya nini mikononi na machoni? MtotoWaKilembe, hapo ndipo swali lako la funguo linapoingia: mchungaji analala nje na mifugo, ila taa zinawaka kwa nani? Mambo haya hayaenei katika filamu fupi. Yanataka tamthilia ya vipindi vingi, ya hapa hapa, na wapewe fedha za kutosha.

Mwalimu, Black Lightning nimeianza jana na mke wangu. Hoja yako ya Lynn imesimama, sina cha kuipinga, na mke wangu amesema wewe ndiye pekee humu unayejua kutazama. Ila nakuomba uangalie tena Jefferson anavyofyonza umeme wa mji, taa zinavyopepesa. Mwandishi anajua unakotoka. Hajakusumbua wewe nao kwa sababu ulikuwa unamtazama Lynn, lakini ameuweka pale kwa ajili yetu sisi wengine.

Arrival nitaitafuta. Nikiikuta haina umeme nitakuja kukuuliza vile vyombo vinaelea kwa nguvu gani.

Pumzi bado sijapata nakala yenye picha safi. Niliyojaziwa kwenye flashi inakatika katikati, Asha anafungua mlango na mwisho wake ni hapo. Mwenye kujua inapopatikana kihalali anielekeze. Na Kijana, ile ya kibanda usiiache hewani. VJ wenu Bombo akitafsiri ya kisayansi niambie siku na saa, nitapanda teksi.