Tunasema kunguru hafugiki, lakini mtaa wetu unawafuga kwa taka

Ndugu wanajukwaa,

Jumamosi iliyopita kuku wangu alitoka bandani na vifaranga tisa, na kufikia saa nne asubuhi walikuwa wamebaki wanne. Kunguru wawili walifanya kazi hiyo mbele ya macho yangu: mmoja alimdonoa mama mkia mpaka akageuka kumfukuza, na papo hapo mwenzake akashuka upande wa pili, akakwapua kifaranga na kupaa naye hadi juu ya nguzo ya umeme. Siku hizi wakiniona nimetoka na manati wanaondoka kabla sijaokota jiwe, ilhali jirani yangu anaanika dagaa wake na wao wamesimama hatua mbili kutoka alipo.

Nilipolalamika kwenye mkutano wa mtaa nilijibiwa kwamba kunguru wa mjini "wamekuwa sugu", kwa hiyo tuvumilie. Jibu hilo limenikera kuliko hasara yenyewe. Usugu ni wa mbu: dawa inaua wengi, wachache waliozaliwa na kinga wanabaki na kuzaa wenye kinga kama wao, na baada ya vizazi kadhaa dawa haifui dafu. Hayo ndiyo mageuzi, na hayamtegemei mbu mmoja kujifunza chochote. Kunguru aliyenikariri mimi na manati yangu amejifunza ndani ya maisha yake mwenyewe, na waliomfundisha ni sisi.

Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wa hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji (ndiyo, taka), kisha wakasambaa pwani yote. Ni ndege ambaye maisha yake yamefungamana na ya binadamu kiasi kwamba hakai mbali na makazi ya watu. Hata tago lake hulisuka kwa vipande vya waya anavyookota kwetu. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, ndiyo maana mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni 1. Zanzibar nako walipunguzwa sana kwa mitego na sumu katika miaka ya 1990, lakini kazi iliposimama wakazaana upya.

Kwetu uliletwa mtego mmoja wa kizimba, ule wa kuwekewa kunguru hai ndani ili wawavute wenzao. Wiki ya kwanza ulinasa. Baadaye mhusika akawa anawaua walionaswa palepale, mchana kweupe, huku wenzao wakitazama kutoka kwenye mwembe, na tangu hapo hakuna aliyeingia tena. Wanaoijua kazi hii hutumia sumu inayochelewa kuua, ili ndege afie mbali na chambo na wenzake wasiunganishe mambo. Sisi tumewapa kunguru somo la bure, kisha tunashangaa kwamba wamefaulu.

Hata hivyo, mtego na sumu havina maana ikiwa chakula kinaendelea kumwagwa. Ada ya taka tunalipa kila mwezi, na risiti ninazo, lakini gari la mkandarasi halijaonekana kwa wiki tatu. Mbele ya geti la soko kuna lundo la utumbo wa kuku na vichwa vya samaki, na kila alfajiri kunguru wanakuwa wamefika kabla ya wachuuzi. Makinda yote yanayolelewa kwa lundo lile yatakuwa juu ya mabati yetu miezi michache ijayo.

Naomba aliyewahi kumbana mkandarasi wa taka akafanikiwa aeleze hapa alianzia ofisi gani, kwa barua au ana kwa ana, na ilichukua muda gani gari kuanza kupita.