UZI: Ule mukubwa alitosha chupa mu mto Kawa ya Bukavu kisha AKAIRUDISHA MU MAJI ju ya foto!!!

MtotoWaKadutu:
Bandugu sijanawa hata miguu, matope ya Kawa ingali ku suruali, lakini nikingoja kesho nitakuwa nimepoa na mimi sitaki kupoa. Munamujua. Sisemi jina. Ule wa miwani nyeusi hata mvua inyeshe, ule anasemaka "mto yangu" sawa vile alizaa mto.

Leo ilikuwa salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mto. Vijana ba Nyamugo na ba Buholo tuko mu maji tangu asubui mapema, bamama bameleta brueti ya kubebea uchafu, kazi yenyewe munaijua, unavuta sashe moja ya plastiki mu matope inakuya na sashe mia na suruali ya mutu na mbwa mwenye alikufa mbele ya uhuru. Wengine bako ku kingo banapanda bambu na matete ju udongo ushikane, maana huku kwetu mvua ikipiga mulima yote inataka kushuka ku ziwa pamoja na nyumba na kitanda na wewe mwenyewe juu yake umelala.

Saa tano gari yake, jipu, ikafika. Akashuka na suti, na bote mupya ya miguu yenye ingali na karatasi ya bei. Kijana moja wa mwavuli, kijana moja wa simu, moja sijue wa nini, labda wa kupumua kwa niaba yake. Akavaa soksi ya mukono nyeupe ya daktari. MOJA. Akauliza chupa iko wapi. Papa, mto mzima ni chupa! Hapana, anataka yenye haina matope. Tukamutafutia. Akainama, akaitosha, kamera ikapiga, ule wa foto akasema "Mukubwa, ulifunga macho."

Na yeye AKAIRUDISHA MU MAJI.

Chupa yenye ilikuwa imeisha kutoka! Akaiweka, akangoja ielee vizuri, akaitosha tena. Macho tena. AKAIRUDISHA TENA. Mara ya tatu maji ikaibeba, ikaanza kwenda, na yeye akaniangalia mimi mutu niko na matope mpaka ku shingo, akasema: "Weye kadogo, kimbia, chupa inaenda na foto yangu."

Inaenda na foto yangu!!! Siyo inaenda ku ziwa. Ju munajua inaendaka wapi, Kawa inamwaga ku ziwa Kivu, ziwa inatokea pale mto Ruzizi, mbele kidogo kuna barraji ya umeme yenye balijengaka wakati wa Babeleji, uchafu unafunga mashini, batu banashinda banatosha chupa na mikono na sisi usiku tunatafuta buji ya kuwasha. Kwa hiyo ule mutu alikamata giza na mukono yake, akairudisha mu maji, ju alifunga macho.

Na jipu ikirudi nyuma ikapita juu ya bambu. Lakini ile naacha. Chupa njo inaniua. Aliirudisha!

Mama_Nyawera:
Akairudisha 😂😂😂 weee. Ule namujua sana. Kwetu alikuya kupanda muti, akaupanda na sashe yake nyeusi bila kuitosha ku mizizi, tukamwambia mukubwa sashe, akasema iache isaidie kushika maji. Muti ulikufa. Sashe ingali hai.

FundiWaSimu:
Swali moja tu mtoa uzi. Ulimukimbilia ile chupa ao hapana?

MtotoWaKadutu:
Ile siyo swali.

FundiWaSimu:
ALIIKIMBILIA 😂😂😂 bandugu aliikimbilia

MtotoWaKadutu:
Unakuya kila salongo na kikombe ya chai mukononi, unasimama ku daraja unatuonyesha kwenye uchafu iko. Weye nyamaza.

Kijana_Buholo:
Mimi nilikuwako. Haikuwa mara tatu, ilikuwa mara ine. Na alipoondoka alikunywa maji, yenye iko mu chupa, na ile chupa sijaiona mu jipu wala mu saki yetu. Nasema tu.

YaMuzee_Essence:
Watoto, hii inchi iko na sheria. Dekreti ya mwezi wa 12 mwaka 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia sashe za plastiki. Sasa enda soko ya Kadutu ununue pilipili tatu, utapewa sashe mbili.

Mama_Nyawera:
Ya Muzee na shikamo zangu, lakini soko itie pilipili mu nini, mu kofia? Majani ya ndizi siku hizi nayo ni bei.

PanziBoy:
Munaongea barraji sawa vile umeme ikifika inatupitia. Kwetu ku Panzi moto inakuya saa nane ya usiku, inakaa dakika ya kusema "moto imekuya!", inaenda. Jana bibi yangu aliamuka kupiga pasi. Usiku! Mashati yote, na ile ya mwisho iko na mukono moja tu imenyooka.

FundiWaSimu:
😂😂 vaa na koti

Chukudu_Goma:
Batu ba Bukavu muko na mto na munalia. Sisi ku Goma hata moja hatuna, mvua ikinyesha yote inaingia mu mawe ya volkano, maji tunateka ku ziwa, bidon ku chukudu yetu ya mbao ya kusukuma, mupaka nyumbani. Mutupatie ile Kawa tuioshe na sabuni.

Kijana_Buholo:
Chukua. Lakini inakuya pamoja na mukubwa wake.

Chukudu_Goma:
Ah basi hapana.

Mwana_Lubum:
Kwetu ku Lubumbashi mto iko na jina ya muji kabisa, heshima yote, na ku mto Kafubu maji ya viwanda vya shaba imekula mpaka samaki. Kawa yenu ni plastiki tu, ile unaona na macho unakamata. Yetu utakamata na nini?

MtotoWaKadutu:
Bandugu tulikuwa kwa chupa.

PanziBoy:
Samaki gani Lubumbashi? Nyinyi munakula za friji. Njoo huku ukule sambaza.

Chukudu_Goma:
Sambaza ya Bukavu? Ile inalewa mafuta ya mota ya boti? Ya Goma njo sambaza.

Mama_Nyawera:
Ziwa ni moja weye!! Sambaza inaogelea na pasipoti?

YaMuzee_Essence:
Sambaza zenyewe siyo za hapa. Bazungu balizitosha ku Tanganyika wakazitia mu Kivu, mwisho wa miaka ya 1950. Mbele yake ziwa lilikuwa na samaki kidogo tu.

Chukudu_Goma:
Kwa hiyo zilianzia Goma.

Mama_Nyawera:
😂😂 Ya Muzee alisema Tanganyika, weye unasoma na nini?

PanziBoy:
Nani iko ku Muhanzi, ku ziwa, saa hii? Mitumbwi imefika?

Kijana_Buholo:
Imefika lakini bamama banapimia na kopo ndogo, ile ya nyanya. Kuya na pesa yako usiseme nitalipa kesho, banakujua.