Tupeane uzoefu: jina lako lilipoanikwa mtandaoni, ulifanyaje?

MamaTatu (Donholm)
Wadau, hamjambo. Naanza mimi ili mwingine asione haya. Mwaka 2019 mtoto alilazwa, nikakopa shilingi 4,000 kwa simu. Programu iliomba ruhusa ya kusoma namba zote nilizohifadhi, nami kwa haraka ya pesa nikabonyeza kukubali. Nilichelewa kulipa siku tisa. Ya kumi, ujumbe ukawafikia mwajiri wangu, mchungaji, mweka hazina wa chama chetu, hata mwenye duka la dawa: "Mwambieni huyu alipe deni." Mama mkwe alinipigia kutoka Machakos akilia, akidhani nimefungwa. Deni nililimaliza wiki ile ile. Lakini zamu yangu ya kupokea chamani ilipofika, wakauliza nani atanidhamini. Miaka sita sikuwahi kuulizwa swali hilo! Mpaka leo linaniuma. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Kwangu zilikuja nimeshaaibika.

BabaPendo (Kinoo)
Pole sana, Mama Tatu. Mimi ni shule. Waliweka picha ya binti yangu kwenye ukurasa wao wa Facebook, jina kamili na darasa. Wiki hiyo mwanamume nisiyemjua akamwita kwa jina pale stendi. Mwalimu mkuu aliniambia wazazi wengine hufurahia. Nikarudi na gazeti: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha ya Pendo iliondolewa kabla sijafika nyumbani.

Shiro_Roysambu
Wa kwangu ni mfupi. Niliandika jina, kitambulisho na namba ya simu kwenye kitabu cha getini, jengo moja la mjini. Jioni WhatsApp: "Umependeza na hiyo nguo ya bluu." Nilibadilisha namba.

Hamisi_K
Jamani, hivi mtu analalamika wapi?

MamaTatu
Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ndugu yangu, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Malalamiko unaweza kuyapeleka mtandaoni, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizika ndani ya siku 90. Usifute chochote kwanza. Piga picha za skrini, namba na tarehe zionekane.

KijanaWaUmoja
Mimi sikuanikwa na mtu, nilijianika. Uchaguzi wa 2017 niliandika matusi kuhusu kabila la watu ninaoishi nao ploti moja. Nilifuta asubuhi yake. Mwaka 2022, kwenye usaili wa kazi, mama mmoja wa jopo akanisukumia karatasi: maneno yangu, jina langu, picha yangu. Nilikiri ni yangu. Kazi sikupata, na sidhani walikosea. Kilichonitesa ni kuwa jirani yangu, mzee aliyenipeleka hospitali usiku nikiwa na malaria, ni wa kabila hilo. Nilimbishia hodi nikamwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu.

MamaTatu
Mwanangu, umefanya jambo gumu. Alisemaje?

KijanaWaUmoja
Alisema aliyasoma siku ile ile, 2017. Malaria ilinipata 2019.