Kubadili Traxxas Revo 3.3 kutoka injini ya nitro kwenda mota isiyo na brashi: nianzie wapi?

Mwana_Bamburi (Mombasa) anauliza:

Salamu kwenu wadau. Ninayo Traxxas Revo 3.3, gari la rimoti la injini ya nitro, ambalo chesisi, difu na shokabzoba zake bado ni nzima, lakini injini imechoka. Ikiwa baridi inawaka vizuri. Ikishapata moto inazima, wala haishiki tena mpaka ipoe kabisa. Fundi niliyempelekea amesema pistoni na silinda zimelika na mgandamizo umebaki kidogo. Mafuta nayo, yale ya methanoli yenye nitromethani, yamekuwa tabu kuyapata huku, kwa sababu ni kioevu kinachowaka upesi na wasafirishaji wengi hawataki kukibeba.

Ninalipenda gari hili na sitaki kuliacha lioze kwenye rafu. Ningependa kuling'oa injini, tangi na ekzosi, kisha niweke mota ya umeme isiyo na brashi pamoja na betri za LiPo (lithiamu-polima). Ninaomba mnieleze ni mota ya ukubwa gani inayofaa, nitumie volti ngapi, na kama giaboksi yake ya spidi mbili itahimili. Je, rimoti na risiva nilizo nazo zitafaa, au nazo nizibadilishe?

Karakana_Eastlands (Nairobi) anajibu:

Ndugu yangu, gari linafaa, tena chesisi hiyo ni nzuri kwa kazi hii, kwa kuwa Traxxas wenyewe walitengeneza E-Revo, ndugu yake wa umeme, na vipuri vingi vya miguu na difu vinaingiliana. Wengi huanza kwa kuuliza habari za mota kama ulivyoanza wewe. Mota ni kitu cha kununua tu. Kinachoamua kama gari litadumu au litasaga gia zake mapema ni kile kipande cha alumini kitakachoishika mota hiyo mahali pake, na namna nguvu itakavyopita kutoka kwenye pinioni, ile gia ndogo ya shafti ya mota, mpaka kwenye magurudumu.

Anza na gia kubwa iliyomo sasa. Hesabu meno yake, kisha pima upana wake kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili kwa kipimo cha milimita, ugawe upana huo kwa idadi ya meno iliyokwisha kujumlishwa na mbili. Gia ya meno 38 yenye upana wa milimita 40 itakupa 1, yaani ni moduli 1 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino), na ndivyo ninavyotarajia ukute kwenye Revo. Ukipata karibu na 0.8, basi gia hiyo ilishabadilishwa na mwenye gari wa kwanza, na pinioni utakayoagiza lazima iifuate. Gia za moduli mbili tofauti zinaweza kuonekana kama zinashikana ukizizungusha kwa mkono, lakini zikibeba mzigo zinakatana meno papo hapo.

Ukishajua moduli, umbali kati ya kitovu cha gia kubwa na kitovu cha shafti ya mota unapatikana kwa hesabu: jumlisha meno ya gia zote mbili, zidisha kwa moduli, gawanya kwa mbili. Kwa gia ya meno 38 na pinioni ya meno 14, umbali ni milimita 26. Kwa pinioni ya meno 20, ni milimita 29. Kwa hiyo matundu ya skrubu za mota yasiwe ya duara, bali yachongwe marefu kiasi cha kuiruhusu mota isogee hizo milimita 3, la sivyo utakuwa umejifunga kwenye pinioni moja na hutaweza kurekebisha mwendo wala joto. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza kipande cha alumini cha unene wa milimita 6, akichonge kifuate matundu yaleyale yaliyokuwa yanashika injini kwenye chesisi. Mota ya ukubwa huu ina urefu wa milimita 70 na ushei na ni nzito. Usiiache ishikwe uso wake tu. Weka mguu wa pili unaoibeba kwa nyuma, kwa sababu gari likiruka na kutua, mota hujaribu kujipinda, pinioni inasogea nukta chache tu, na gia imekwisha.

Unapozikutanisha gia, kata utepe wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, upitishe katikati ya meno, sukuma mota mpaka ibane, kaza skrubu, kisha uzungushe karatasi itoke. Karatasi ikitoka imekunjwakunjwa bila kuchanika, na gia ikabaki na mchezo mdogo sana ukiisukuma kwa kidole, basi ni sawa. Zungusha gia kubwa duru nzima ukikagua kila robo, maana gia za plastiki mara nyingi huwa na upande mmoja uliotuna kidogo. Skrubu zote zinazoingia kwenye chuma zitiwe gundi ya skrubu ile ya buluu.

Kuhusu giaboksi, ushauri wangu ni kuondoa spidi mbili. Gia ya pili kwenye gari hilo hujishika yenyewe kwa nguvu ya mzunguko, na mpango huo uliwekwa kwa ajili ya injini ambayo nguvu yake iko juu tu, kwenye mizunguko mingi. Mota ya umeme ina msukumo mkubwa tangu mzunguko wa kwanza kabisa, haihitaji gia ya kuanzia, na kila inapobadilisha itakuwa inapiga kile kishikio kwa nyundo. Tumia seti ya spidi moja, au ufunge gia moja kabisa, kisha uwiano uupange kwa pinioni. Kama gari lako lina rivasi ya giaboksi, ifunge kwenye kwenda mbele, kwa sababu kontrola, kile kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, itakupa rivasi.

Rimoti na risiva zitafaa. Unaondoa servo (mota ndogo inayosukuma) ya kabureta na breki, na kontrola inachomekwa kwenye tundu lake, chaneli ya pili. Kontrola nyingi za ukubwa huu hutoa volti 6 au zaidi za kuendesha risiva na servo ya usukani, kwa hiyo kile kiboksi cha betri ndogo za risiva kiondoe kabisa, usiache vyanzo viwili vya umeme kwenye risiva moja. Kabla ya yote hayo, osha chesisi. Mafuta ya nitro yana oili ndani yake, na oili ya ekzosi iliyoganda pamoja na vumbi haifai kukaa karibu na nyaya. Alkoholi ya isopropili na mswaki wa zamani vinatosha.

Bahari_ya_Matrah (Maskati) anajibu:

Assalaam alaykum. Sheikh wa Nairobi ameeleza vizuri upande wa vyuma, na mimi nitaongeza habari ya mota na umeme, kwa kuwa huku kwetu joto la kiangazi hupita nyuzi 45 na limetufundisha mengi.

Mota zisizo na brashi huandikwa kV, maana yake ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya 2200 kV kwa betri ya seli nne, ambayo ni volti 14.8, hutoa mizunguko 32,560, na hapo umekaribia mwendo ambao giaboksi ya nitro ilizoea, kwa sababu injini hizi ndogo hufika 30,000 na kupita. Mota hiyohiyo ukiipa seli sita, volti 22.2, inapanda hadi 48,840. Hapo tairi zinavimba kama maputo, beringi zinalia na difu hazina raha. Anayetaka seli sita achukue mota ya 1700 au 1800 kV. Kwa gari lako ninapendekeza seli nne na mota ya kipenyo cha milimita 42 na urefu wa 74, ile inayoandikwa 4274, yenye shafti ya milimita 5, pamoja na kontrola ya ampea 150. Hobbywing wanauza mota na kontrola kama hizo kwa pamoja, na Castle nao wana zao.

Usidanganyike na watu wanaoweka mota ndogo kwa kuwa inaingia kirahisi. Mota ndogo kwenye gari zito huvuta umeme mwingi kwa muda mrefu, inachemka, na sumaku zake zikishapata joto la kupita kiasi hazirudi tena kuwa kama mwanzo. Nunua kile kipimajoto cha kuelekeza bila kugusa. Endesha dakika tano kwenye mchanga au majani, simama, upime mota. Mimi nikiona nyuzi 80 ninapunguza meno ya pinioni, hata kama mwendo wa gari unanifurahisha. Anza na pinioni ndogo, 14 au 15, upande polepole.

Betri iwe na uwezo wa kutoa ampea zinazohitajika. LiPo ya mAh 5000 (ampea-saa 5) iliyoandikwa 50C, yaani mara 50 ya uwezo wake, inadai kutoa ampea 250, lakini maandishi ya C huwa ya ukarimu, kwa hiyo usishuke chini ya hapo. Waweza kutumia betri moja ya seli nne, au mbili za seli mbili zilizounganishwa kwa mfululizo, moja kila upande wa chesisi, jinsi E-Revo inavyobeba zake. Mimi ninapenda mpango wa mbili, kwa sababu gari halilemei upande mmoja. Zikiwa mbili, ziwe za aina moja, umri mmoja na chaji moja. Nyaya kati ya betri na kontrola ziwe fupi, maana nyaya ndefu huzitesa kapasita za kontrola. Kulehemu viunganishi vya XT90 au EC5 kunataka pasi ya lehemu yenye nguvu, wati 60 na kuendelea. Ile nyembamba ya mafundi simu itakupa lehemu ya baridi, ambayo haijashika ndani.

Mkunazi_Mmoja (Dar es Salaam) anajibu:

Ndugu Mwana_Bamburi, kabla hujanunua chochote, piga jumla ya mota, kontrola, betri, chaja, pinioni na kazi ya kukereza, uilinganishe na bei ya gari la umeme lililotumika. Mara nyingi tofauti ni ndogo. Kama unalibadili kwa kulipenda, kama ulivyosema, hiyo ni sababu ya kutosha, na mimi ningefanya hivyohivyo. Kabureta, ekzosi na kiwashio cha umeme usivitupe, kwa sababu wapo wenye Revo za nitro wanaovitafuta.

Ninalotaka kulisisitiza ni usafiri wa betri. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa mizigo ya kawaida ndani ya ndege za abiria, ndiyo maana wauzaji wengi wa nje hukataa kuzituma. Mtu anayesafiri anaweza kukuletea kwenye begi la mkononi. Zidisha volti kwa ampea-saa: seli nne za mAh 5000 ni 14.8 mara 5, yaani wati-saa 74, ambazo ziko chini ya kiwango cha 100 kinachoruhusiwa bila kibali cha shirika la ndege. Seli sita za ukubwa huo ni 111, na hizo zinahitaji kibali. Ncha za nyaya zifunikwe.

Kuchaji nako si jambo la kupuuza. Chaji kwa ampea 5 kwa betri ya mAh 5000, kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya vigae, na usiondoke nyumbani. Betri iliyovimba haichajiwi tena. Isipotumika kwa siku nyingi, ibaki na volti 3.8 kwa kila seli.

Mwana_Bamburi (Mombasa):

Ahsanteni sana kwa kunijibu kwa kina. Nimepima gia kubwa: meno 38, upana milimita 40, kwa hiyo ni moduli 1 kama Ndugu wa Nairobi alivyotarajia. Nimeamua seli nne na mota ya 2200 kV, na betri mbili ndogo pembeni. Limebaki jambo moja. Diski ya breki ninaiondoa pamoja na servo yake. Je, breki ya mota peke yake inatosha kulisimamisha gari zito hivi?

Karakana_Eastlands (Nairobi):

Inatosha, na kwa kawaida ina nguvu kuliko ile diski, lakini kuna jambo moja. Breki ya mota inapita kwenye ile klachi ya kuteleza iliyo kwenye gia kubwa, ileile inayolinda giaboksi unapokanyaga. Ukiilegeza sana, gari litakosa breki pia, na gia kubwa itapata moto mpaka iyeyuke katikati. Ukiikaza kabisa, kila kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye meno ya difu. Kaza nati yake mpaka mwisho kwa upole, rudisha kidogo, kisha shika magurudumu ya nyuma kwa mkono mmoja na ujaribu kuisukuma gia kubwa kwa kidole gumba: isogee kwa shida. Kwenye mipangilio ya kontrola, nguvu ya kuanzia iweke chini, na breki uianzishe kwenye asilimia 50.

Siku ya kuwasha, weka gari juu ya kibao, magurudumu yaning'inie. Washa rimoti kwanza, kisha uifundishe kontrola mahali pa kati, mafuta yote na breki yote kwa kufuata kijitabu chake. Gari likienda kinyume, badilisha nyaya mbili zozote kati ya zile tatu za mota, mradi mota yako haina sensa. Ikiwa na sensa, usiguse nyaya, geuza mwelekeo kwenye mipangilio. Kikomo cha betri kiwe volti 3.4 kwa seli. Zima rimoti gari likiwa bado juu ya kibao, uone kama magurudumu yanasimama. Yasiposimama, panga usalama wa risiva kabla gari halijagusa ardhi. Betri ya kwanza ikiisha, fungua kifuniko, ukague tena mkutano wa gia kwa karatasi, kwa sababu skrubu mpya kwenye alumini hujikalisha katika mwendo wa kwanza.